Kupanda Milima ya Japani kwa Baiskeli Isiyo na Magurudumu

Nilimwaga dawa ya vidonge ndani ya muguu wangu kama mutu anayetia chumvi katika mboga ya sombe. Tuanzie hapo, kwa sababu kila mutu aliyekuja kunitazama lopitalini aliuliza ilianza namna gani, na kila mumoja nilimupa hadithi yake. Padri nilimuambia nilianguka nikikimbilia misa. Shangazi nilimuambia ni mamba. Ziwa Kivu halina mamba, lakini shangazi alimaliza soda yangu, akaenda kuwaonya wanawake wanaofulia nguo ufukoni.

Ukweli ni huu. Kiangazi kilikuwa kinaisha, shule ilikuwa karibu kufunguliwa, na mimi na rafiki yangu Trezor tulichukua chukudu ya baba yake bila kumuuliza. Chukudu ni ule mutambo wetu wa mbao wenye magurudumu mawili, usio na pedali wala kiti, ambao watu wazima wenye akili hubebea makaa na viazi. Sisi tulibeba ujinga. Tuliusukuma mupaka Munigi, kule juu ya Goma, tukageuza, tukauachilia kwenye muteremko. Mimi nilisimama mbele, mikono wazi kama Yesu wa kwenye kalenda, naimba wimbo wa kwaya. Breki ya chukudu ni kipande cha mupira unachokanyaga kwa kisigino, na Trezor, aliyekuwa nyuma, alikuwa amevaa kandambili. Kandambili moja ilibaki Munigi. Sisi tuliendelea.

Jiwe la volkano halikwaruzi, linapasua. Muguu wangu wa kushoto ulifunguka chini ya goti. Sasa, mama yangu alijua niko kwenye mazoezi ya kwaya, na kwa upande wa kuimba sikuwa nimedanganya. Lakini ningemuonyesha kidonda, ningemuonyesha pia Munigi. Basi Trezor akaenda kwa kijana anayeuza dawa kwenye sinia barabarani, akarudi na vile vidonge vya rangi mbili, nyekundu na manjano. Tulivifungua kimoja kimoja, tukamwaga unga wote ndani ya kidonda, tukafunga kwa kitambaa. Usitushangae. Kwetu kila nyumba inafanya hivyo. Bibi yangu alifanya, jirani anafanya, hata mbuzi wa jirani amefanyiwa.

Kidonda kilifunga vizuri kwa juu. Kwa ndani kiliendelea na maisha yake.

Kama unasoma hii na kuna kidonda unachokificha, weka simu chini uende umuonyeshe mama yako. Atakupiga. Kupigwa kunapona haraka kuliko mufupa.

Mvua zilipoanza, homa nayo ilianza. Nikasema ni malaria, wakanipa dawa ya malaria. Ikarudi, nikasema ni malaria mbishi. Shuleni nilikaa nyuma, karibu na dirisha, kwa sababu muguu ulikuwa umeanza kunuka kama samaki sambaza wa juzi. Paka wa jirani alinipenda ghafla. Ni dada yangu mukubwa, Masika, aliyevuta shuka asubuhi moja ili aniamushe kwa nguvu kama kawaida yake, akauona muguu, akatulia. Masika hatulii. Nilipomuona ametulia ndipo nilipoogopa kwa mara ya kwanza.

Walinipeleka lopitali, wakakuta uozo umefika kwenye mufupa. Mambo ya mufupa sitaeleza, muulize munganga, yeye alisomea. Ninachoweza kukueleza ni benchi. Kwenye benchi la lopitali utajua watu kwa magonjwa yao kabla ya majina. Utajua nani analala na nani anajifanya kulala ili asisogee. Utajifunza kwamba mutu akikuambia "pole" mara tatu, anataka nafasi yako. Beba maji, beba mutu wa kukuchekesha, na kama huna, jichekeshe mwenyewe. Mimi niliwapa watu nafasi za darasani kufuatana na sauti ya kikohozi chao. Mama mumoja alikasirika kwa sababu nilimuweka wa pili.

Walinikwangua mufupa mara ya kwanza kabla ya Noeli. Mama alilala chini ya kitanda changu kwenye mukeka, na kila nilipojigeuza sauti ilitoka huko chini, "Unataka nini?", kama vile kitanda chenyewe kinauliza. Waliniwekea plasta ngumu kutoka pajani mupaka kwenye vidole. Ilipotolewa, nilikuta muguu mwembamba kama bua la muhindi, umejaa nywele nyeusi. Ndevu nilizokuwa namuomba Mungu anipe kidevuni, alikuwa amezituma kwenye anwani nyingine. Na goti lilikuwa limekataa kukunja.

Walikwangua tena mvua kubwa zilipokaribia. Baada ya hapo munganga aliwaita papa na mama, na mimi nikiwa pale, maana nilikataa kutoka.

"Kuna kipande kimekufa ndani," alisema. "Tumekitoa. Sasa atakunywa dawa mupaka mvua hizi ziishe. Kiangazi kikiingia tutapiga picha. Kama mufupa umeanza kujaza, sawa. Kama haujajaza, tutakata." Akapitisha kidole juu ya goti langu kama fundi anayepima kitambaa.

Papa yangu ni mufanyabiashara wa maharagwe. Tangu barabara zilipokuwa mbaya anakaa nyumbani, na mutu aliyezoea safari akikaa nyumbani huwa anajibu maswali haraka.

"Basi mukate leo," alisema. "Afadhali mutoto wa muguu mumoja kuliko picha kwenye ukuta."

Mama akasema, "Anza na wa kwako."

Kutoka siku hiyo hawakusemezana. Nilirudishwa nyumbani, upande wa Lac Vert, nikawa naona kila kitu. Mama alikuwa anasema, "Masika, ambia baba yako chumvi imeisha," na papa amekaa kando ya chumvi. Papa anajibu, "Masika, ambia mama yako nimesikia." Masika alichoka, akaanza kutafsiri vibaya kwa makusudi. "Papa anasema umependeza." Hakuna aliyecheka, lakini mama alivaa kitenge kile kile tena kesho yake.

Mimi pia nilikuwa na siri yangu. Nyuma ya nyumba, nikidhani niko peke yangu, nilijaribu kuruka kwa muguu wa kulia tu, kuona nitafika wapi. Trezor alinikuta. Trezor amecheka hata kwenye mazishi. Siku hiyo alishika ukuta, akasema tu, "Wacha, mwana." Tukazungumza juu ya mupira wa miguu, kisha tukaona hiyo nayo si habari nzuri.

Munganga alikuwa amenituma kwa Papa Deo, mutu wa kine, yaani yule anayevikumbusha viungo kazi viliyoisahau. Siku za kwenda huko mama alinipandisha moto-taksi, yaani pikipiki ya abiria, muguu ukiwa umenyooka mbele kama kizuizi cha barabarani. Kwenye chumba cha Papa Deo kulikuwa na baiskeli ya mazoezi. Haina magurudumu. Imefungwa kwenye chuma, inatazama ukuta, na ukutani kuna picha ya mutu ananawa mikono.

"Panda," Papa Deo alisema. "Damu ipite, goti likunje."

"Naenda wapi?"

"Hapa hapa."

"Basi nimefika."

"Panda, mupumbavu."

Pedali ilipanda mupaka karibu na juu, goti likagoma, ikarudi. Mbele nusu, nyuma nusu. Nilikuwa kama mutu anayebembeleza mutoto kwa muguu. Maumivu yenyewe yalikuwa na rangi, yalikuwa meupe. Nililia, nikamutazama yule mutu wa ukutani ananawa mikono, nikamuchukia yeye na sabuni yake.

Ni Masika aliyeleta Japani. Alipeleka simu yangu kwa kijana anayejaza filamu, akamuomba filamu za Kijapani za watu kupigana kwa panga. Kijana alikuwa na haraka, akaweka kila alichokuta chenye jina Japani. Hakukuwa na panga hata moja. Kulikuwa na mutu anaendesha baiskeli. Saa na masaa. Kamera iko kifuani kwake, unaona mikono yake miwili yenye glavu, unaona barabara, bahari upande huu, vilima upande ule. Hasemi neno. Unasikia pumzi yake tu.

Nilimuambia Masika maneno ambayo siwezi kuandika hapa. Lakini kesho yake, kwenye baiskeli, nikafunga simu juu ya usukani kwa kipande cha mupira, nikamufunika yule wa sabuni. Basi tukaondoka.

Nasema tukaondoka kwa sababu wagonjwa waliokuwa wanangoja benchini walisogea kutazama. Mumoja alikuwa Mama Sifa, anayeuza mboga Munigi, mwenye nyonga iliyovunjwa na moto-taksi. Mwingine alikuwa muzee Bisimwa, karani mustaafu kutoka Bukavu, mwenye bega lililoganda, ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kutokubali.

"Huyu mutu anaitwa nani?" Mama Sifa aliuliza.

"Hajasema."

"Anapumua sana. Tumuite Papa Pumzi."

Papa Pumzi alitupitisha vijiji vya wavuvi, nyavu zimetandikwa kwenye ukuta wa simenti, mitumbwi imegeuzwa. Mama Sifa alitazama maji kwa muda murefu.

"Hii ziwa, ngambo yake ni wapi?"

"Ni bahari, mama. Haina ngambo."

"Kila maji iko na ngambo," muzee Bisimwa alisema. "Ni huyu hajafika."

Tulipita mulango mukubwa mwekundu uliosimama peke yake karibu na maji. Muzee akasema wamejenga mulango wakasahau nyumba, ndivyo kazi za serikali zilivyo kila mahali. Kisha tukakuta mashine ya soda, imesimama kando ya barabara tupu, taa zinawaka, hakuna nyumba, hakuna mutu.

"Mulinzi wake iko wapi?" muzee aliuliza.

"Hana."

"Usiku pia?"

"Usiku pia, muzee."

"Hapa wezi wangeibeba, ikaamukia Mugunga," alisema, na kwa mara ya kwanza nikamuona anacheka, mupaka bega likamuuma.

Kadiri mvua zilivyozidi kwetu, ndivyo Papa Pumzi alivyoacha bahari na kuingia vilimani. Mashamba ya mupunga yamepangwa kama ngazi, chai imekatwa vizuri kama nywele za mutu wa harusi. Mama Sifa, mukulima, alikuwa na swali lake.

"Batu biko wapi? Naona shamba, sioni batu. Walikimbia?"

"Wanasema vijana walienda mijini, mama. Wamebaki wazee."

"Kumbe hata kule wanakimbia," alisema polepole. Baadaye alipomuona bibi mumoja mwenye kofia, ameinama kwenye mutaro wa maji, Mama Sifa alimupungia mukono. Kwa simu. Sikumucheka. Nilimucheka nyumbani.

Goti lilikuwa bado linakataa. Lilikuwa limesogea kidogo, lakini mahali pale pa juu, pale pedali inapotakiwa kuvuka, lilisimama kila siku kama punda. Papa Deo alikuwa ameanza kunyamaza, na wewe mugonjwa unajua, mutu wa kine akianza kunyamaza si vizuri. Kiangazi kilikuwa kinakaribia. Kila nilipofumba macho nilikiona kidole cha munganga kinapita juu ya goti.

Siku hiyo Papa Pumzi alikuwa kwenye mulima ulioonekana hauna mwisho. Miti mirefu, ukungu, barabara inajikunja. Pumzi yake ilikuwa inakatika. Mifuko ya usukani ilikuwa imejaa. Akayumba, akashuka, akaanza kusukuma baiskeli kwa muguu.

Mama Sifa alikasirika kweli. "Mutu anapanda mulima na muzigo, na hakuna hata mutoto wa kumusukuma? Ni inchi gani hii?"

Wewe wa Goma unaelewa. Kwetu chukudu yenye muzigo ikifika kwenye mupando, watu hawaulizi. Anayepita anaweka mikono nyuma, anasukuma mupaka juu, anaendelea na njia yake. Kumuacha mutu na mulima wake ni kama kumupita bila salamu.

"Na huyu naye," akasema, akiniangalia mimi, "tumemuacha peke yake siku zote hizi." Akachukua gongo lake la kutembelea, akaja nyuma yangu, akaweka kiganja mugongoni, akasukuma.

"Mama," Papa Deo alisema, "unasukuma baiskeli yenye haina magurudumu."

"Wewe kazi yako ni goti. Mimi niko kwenye mulima."

Muzee Bisimwa akaja na mukono wake muzima, akisema njiani kwamba ni upuuzi, akauweka kando ya ule wa Mama Sifa. Nikakanyaga. Pedali ikapanda, ikafika kwa yule punda, na nyuma yangu watu wawili wagonjwa walikuwa wanasukuma chuma kilichofungwa sakafuni. Goti likalia kama biskuti inayovunjika. Nilitukana kwa Kifaransa, kwa Kinande, na kwa lugha ambayo haijapata watu wa kuisema bado. Nilipofungua macho, pedali ilikuwa imepita upande wa pili.

Papa Deo akasema, "Tena."

Sijui papa alikuwa amefika saa ngapi. Siku hiyo mama alikuwa na homa, na badala ya kumutuma Masika, papa mwenyewe ndiye aliyekuja kunichukua. Alikuwa mulangoni, kofia mukononi, anawatazama wale wawili mugongoni mwangu. Siku iliyofuata, mama alipojifunga kitenge ili tuondoke, papa naye alikuwa amesimama nje na viatu vyake vya safari.

Alisukuma kama mutu anayetaka kunifikisha Japani siku hiyo hiyo. Kifua changu kiligonga usukani. Mama alikuwa benchini.

"Masika, ambia baba yako..." alianza. Masika alikuwa shuleni. Mama akatazama huku na huku. Muzee Bisimwa akajifanya kulala. Mama Sifa akatazama simu.

"Sukuma polepole, Papa Masika," mama alisema. "Mutoto haiko gunia."

"Nasukuma polepole."

"Hiyo si polepole."

"Basi kuja unionyeshe."

Mama akaja. Sasa sikiliza, nilikuwa na mikono mitatu mugongoni, miwili ya papa na mumoja wa mama, wazazi wangu wanagombana juu ya kichwa changu kwa mara ya kwanza tangu munganga aseme neno lake, na Papa Pumzi anateremuka upande wa pili wa mulima, upepo unavuma ndani ya simu, chini kabisa bahari inaonekana tena. Sijawahi kusikia ugomvi mutamu kama ule. Niliendesha polepole ili usiishe.

Kiangazi kiliingia. Vumbi likarudi, na picha ikapigwa. Tulingoja kwenye benchi lile lile, mama upande wangu mumoja, papa upande mwingine. Sikuwapa watu nafasi za kikohozi. Nilitazama vidole vyangu vya kushoto tu. Nilikuwa navisogeza kimoja kimoja, kama mutu anayesalimia watu kabla ya safari.

Umeme ulikuwa umekatika, kwa hiyo munganga aliinua picha kwenye dirisha. Aliitazama, akaigeuza, akaitazama tena. Nilimuona papa anafunga macho.

"Umejaza," munganga alisema. "Si kazi nzuri sana, lakini umejaza. Huu muguu tunauacha pale uko."

Papa akamuomba arudie. Akarudia. Papa akamuomba arudie kwa Kifaransa. Akarudia. Kisha papa akaniambia mimi kwa Kinande, kana kwamba sikuwa ndani ya chumba, akafika katikati, akatoka nje kutazama mawingu ambayo hayakuwepo.

Mama alitia picha ndani ya bahasha, akaiweka chini ya kwapa, tukatoka. Nilitegemea asimamishe moto-taksi. Hakusimamisha. Alitembea mbele, polepole, kwa mwendo wa gongo langu, kuelekea soko. Mimi niliongea bila kupumzika, nikasema nitarudia mwaka, nitakuwa muzee wa darasa, walimu wataniita papa.

Mama alisimama kwa muuza viatu vya mutumba. Unajua wanavyofanya, wanatundika kiatu kimoja tu cha kila jozi, kingine kinakaa ndani ya gunia, ili mwizi akiiba asipate kitu. Mama alichagua cheusi cha shule, cha kulia. Nikakaa kwenye kigoda, nikakivaa. Kilinikaa. Muuzaji, kijana mwenye adabu, alitazama muguu wangu wa kushoto ndani ya kandambili, mwembamba, na kovu lake refu, na gongo limelala pembeni. Akashusha sauti.

"Mama, kama ni hiki kimoja tu munahitaji, tutasikilizana."

Mama akanyoosha mugongo, akasema kwa sauti iliyofika mupaka kwa wauza nyanya:

"Lete na ya kushoto. Huyu mutoto iko na miguu mbili."